Na Mtasema hadi Morogoro

Mabasi ya Iringa hayapakii mbwa. Makondakta niliowauliza pale stendi walinisikiliza kwa adabu, wakamtazama Mtasema aliyekuwa amelala miguuni pangu akijitafuna unyayo, wakatikisa kichwa. Mmoja alishauri nimfunge ndani ya boksi, asafiri chini kwenye buti pamoja na mizigo. Kwa joto la bonde la Ruaha, kumfungia mbwa butini mwendo wa saa kadhaa ni kumuua. Ndipo shemeji yangu, ambaye hupeleka viazi mviringo Morogoro kwa pikapu yake ya milango minne, aliponiambia, "Shemeji, Alhamisi mimi nateremka. Mlete huyo mgonjwa wako, ila utandike kitu kwenye kiti." Nikatandika shuka jeupe kuukuu, na shuka hilo likaja kuwa na faida ambayo sikuitarajia.

Barabara ile nimeipita tangu nikiwa mwanafunzi. Lakini sikuwahi kusafiri na mnyama, wala sikuwahi kuingia hospitali ya wanyama. Kwetu mnyama akiugua huitwa bwana mifugo, na bwana mifugo ana ng'ombe wa kata nzima wa kuhudumia. Kwa mbwa hufika siku ya chanjo ya kichaa, akaandika kadi, akaondoka kuwahi kwingine. Simlaumu. Ugonjwa wa ngozi ya mbwa unataka muda, na muda ndio ambao hana.

Mtasema ni mbwa wa kienyeji, kahawia mwili mzima, isipokuwa miguu yake minne ambayo ni myeupe kuanzia kwenye vifundo kushuka chini. Jina alipewa na mama mkwe wangu, aliyekuwa na maneno yake na majirani. Ule weupe ndio uliotoboa siri. Mate ya mbwa yana kemikali iitwayo porfirini, ambayo hugeuza manyoya meupe kuwa ya rangi ya kutu, kwa hiyo mbwa mwenye miguu myeupe hawezi kuficha kwamba anailamba. Katikati ya vidole palikuwa pekundu, pamevimba, panatoa harufu nzito ya kitu kilichochacha. Mashina ya kucha yalikuwa yamegeuka hudhurungi. Usiku tuliusikia ulimi wake pale mlangoni, hauachi, hadi jogoo wa kwanza. Binti yangu alizoea kuamka akamshike miguu mikononi mwake ili mnyama apate usingizi kidogo, na asubuhi alikwenda shule macho yakiwa mazito. Hilo ndilo lililonichosha kuliko yote: mtoto na mbwa, wote hawalali.

Dawa hazikukosekana. Mwuzaji wa duka moja la dawa za mifugo alimchoma sindano. Muwasho ukatulia siku chache, tukashangilia, kisha ukarudi kwa nguvu zaidi. Mzee jirani alikuja na kopo la oili chafu ya gari. "Mwanangu, mpake hii, ukurutu wote utakwisha." Dawa hiyo inajulikana nchi nzima, na nitasema waziwazi kwa sababu bado inatumika: oili chafu ni sumu. Inaunguza ngozi iliyokwisha kuumia, mbwa anailamba, inashuka tumboni, na ini na figo ndivyo vinavyolipa. Nilimshukuru mzee kwa moyo wake wa kujali, kopo nikamrudishia. Mwingine akataja dawa ya kuogeshea ng'ombe, kipimo ni kifuniko cha chupa, ndoo haikutajwa ukubwa. Katika yote hayo lililonikera ni moja. Hakuna aliyeuliza mbwa anawashwa na nini. Dawa ilitangulia swali.

Tuliondoka alfajiri, baridi ya Iringa ikiwa bado imelala juu ya mji. Tukateremka Ipogolo, tukaingia barabara kuu. Pale Lugalo shemeji alipunguza mwendo, desturi yake tangu nimjue, kwa heshima ya mnara wa mahali ambapo Mkwawa na watu wake walikivunja kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski mwaka 1891. Ilula matenga ya nyanya yalikuwa tayari yamepangwa kando ya lami. Mtasema alikuwa amelala nyuma, kichwa kwenye paja langu, akilamba.

Kitonga ndipo safari ilipobadilika. Kila aliyeteremka mlima ule anajua: kona baada ya kona, malori yakinguruma kwa gia ndogo, na kila kona joto linapanda ngazi moja. Mtasema alianza kuhema, ulimi nje. Nilipotazama shuka niliona alama za nyayo zake, mbichi, za rangi ya kutu, zimechapwa kwenye kitambaa cheupe. Mbwa hupoza mwili wake kwa kuhema. Tezi zake za jasho la majimaji ziko zaidi kwenye nyayo. Joto lilikuwa limemtoa jasho, na jasho likachukua mabaki ya mate na uchafu wa ngozi ile iliyoumia, likayaandika pale. Alama za miguu ya mbele zilikuwa nzito kuliko za nyuma, lakini zote nne zilikuwepo. Nikazipiga picha kwa simu. Nilihisi, bila kujua kwa nini, kwamba kuna mtu atazihitaji.

Tulisimama Ruaha Mbuyuni kumpa maji. Mibuyu imetawala bonde lote lile, na chini yake vitunguu vyekundu vimerundikwa hadi usawa wa kifua. Mama mmoja muuza vitunguu alisogea, akauliza mbwa ana nini. Kabla sijamaliza kueleza alikuwa amechuchumaa, amemshika Mtasema mguu bila woga, anapanua vidole kimoja kimoja dhidi ya jua. "Funza hamna," akasema. "Kupe hamna. Mbigili pia hamna. Huyu ana jambo lingine, dada." Akanawa mikono, akarudi kwenye vitunguu vyake. Sikumuuliza jina, na ninajuta kidogo, maana yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuangalia kabla ya kutaja dawa. Nilinunua vitunguu vyake, zaidi ya nilivyohitaji.

Kutoka pale mashaka yangu yakapungua na maswali yakaongezeka. Kama si funza, wala mwiba, wala kupe, ni nini basi kinachokaa kwenye miguu minne kwa wakati mmoja?

Barabara hukata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Tulifunga vioo, kwa sababu Mikumi ina mbung'o, na mbung'o hueneza nagana, ugonjwa unaoua mbwa kama unavyoua ng'ombe. Kundi la nyani lilikuwa limekaa kando ya lami. Mtasema alisimama juu ya kiti, masikio wima, pua imegusa kioo, akawatazama hadi tulipowapita. Katika muda ule hakujilamba hata mara moja. Nyani walipoisha, akalala, akaanza tena. Shemeji, ambaye alikuwa akimwona kwenye kioo cha dereva, akasema, "Labda ni upweke tu, Shemeji. Mbwa asiye na kazi hujilamba." Wazo hilo halikuwa la kupuuzwa. Wapo mbwa wanaojilamba kwa kuchoka au kwa wasiwasi. Lakini mbwa wa namna hiyo huwa haamki usingizini ili ajitafune.

Milima ya Uluguru ilituonekania ikiwa na wingu kichwani. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, chenye hospitali ya wanyama niliyoijia, kiko chini yake hasa, na kinabeba jina la Edward Moringe Sokoine, waziri mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari mwezi Aprili 1984, si mbali na mji huo. Chuo kilianzishwa mwaka huohuo. Ni hapo Morogoro pia ambapo panya buku wa shirika la APOPO hufundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Nilipita geti la chuo nikijisikia kwamba nimefika mahali ambapo mnyama huchukuliwa kuwa jambo la maana.

Kwenye benchi la hospitali ya wanyama nilikaa kati ya kijana aliyeshika paka ndani ya kikapu na mzee aliyemleta mbuzi mwenye tumbo lililojaa gesi. Hakuna aliyeshangaa kwamba nimetoka Iringa kwa ajili ya miguu ya mbwa. Mtasema alipimwa uzito, kadi yake ya chanjo ya kichaa ikasomwa, mdomo wake ukafungwa taratibu kwa bendeji laini, kisha akainuliwa juu ya meza ya chuma. Alitetemeka. Akaacha nyayo mbichi pale mezani, za hofu safari hii.

Daktari alikuwa mama wa makamo, na wanafunzi wa udaktari wa wanyama walikuwa wamemzunguka na madaftari. Nilitegemea amshike mbwa. Alikaa, akanitazama mimi.

"Alianza lini kujilamba, mama?"

"Akiwa hajatimiza mwaka, Dokta."

"Huzidi masika? Au majani yanapochanua?"

Nikafikiri. Masika, kipupwe, kiangazi, alikuwa vilevile. Nikamwambia ni mwaka mzima. Aliandika, akaendelea. Kuna mtu mwingine nyumbani anayejikuna, watoto je? Hakuna. Sakafu tunaipiga deki kwa dawa gani? Uani kuna saruji mbichi, au mbolea ya chumvichumvi, au majani yaliyopuliziwa dawa? Analala juu ya nini? Kuna mbwa mwingine? Anaharisha mara kwa mara? Nilipofika kwenye choo nilisita, kwa sababu ni kweli, Mtasema alikuwa akienda choo mara nyingi kuliko mbwa wa jirani, na sikuwahi kufikiri kwamba tumbo lina uhusiano na nyayo.

"Na anakula nini?"

"Chakula cha kawaida, Dokta. Ugali, supu ya mifupa, na mabaki ya nyama ya ng'ombe. Mume wangu ana bucha."

Akalipigia neno bucha mstari chini.

Baada ya hapo ndipo alipoinuka. Nilimwonyesha picha za shuka, naye akawapa wanafunzi simu yangu waipitishe. "Mguu mmoja ukiwasha, tafuta mwiba, jeraha au uvimbe," aliwaambia. "Minne ikiwasha pamoja, tafuta mwilini." Akafungua masikio ya Mtasema: ndani mlikuwa na nta ya kahawia na wekundu uleule wa katikati ya vidole. Nilikuwa nimeyaosha masikio yale mara nyingi bila kuyaunganisha na miguu. Kwake yeye lilikuwa jambo moja.

Vipimo vilifanyika mbele yangu, na nitavieleza kwa sababu havikuhitaji mitambo ya ajabu. Kwanza alimchana manyoya kwa chanuo la meno ya karibu juu ya karatasi nyeupe iliyolowa. Kinyesi cha kiroboto ni damu iliyokauka, kikigusa maji hutoa rangi nyekundu. Karatasi ilibaki nyeupe. Kisha akachukua wembe wenye tone la mafuta, akakwangua ngozi katikati ya vidole hadi damu ilipochungulia. Alikwangua kwa kina kwa sababu utitiri wa demodeksi huishi ndani kabisa, kwenye mashina ya nywele, na mkwaruzo wa juujuu hauuoni. Aina nyingine ya utitiri, ile ya upele, ndiyo iliyomfanya aulize kuhusu watoto, kwa kuwa hupita kutoka kwa mbwa kwenda kwa mtu. Hakuona utitiri wowote. Mwisho akabandika kipande cha selotepu pale palipovimba, akakibandua, akakitia rangi na kukiweka chini ya hadubini.

"Mama, njoo uone."

Niliona vitu vya zambarau vimetapakaa, kila kimoja kimebanwa kiuno, umbo la karanga kwenye ganda lake. Fangasi wa malasezia, akasema. Moyo wangu uliruka. Nilidhani tumefika, nikauliza dawa yake ni ipi. Daktari alinivumilia.

"Hawa wapo kwenye ngozi ya kila mbwa, hata mzima. Ngozi ikiwa imevimba na ina unyevu, huzaliana kupita kiasi, na wao wenyewe huleta muwasho wao juu ya ule wa kwanza. Tutawapunguza. Lakini kuna aliyewafungulia mlango, na huyo bado hatujamwona."

Ile sindano ya dukani, aliniambia, yaelekea ilikuwa steroidi. Hushusha uvimbe haraka, na kuna wakati hata yeye huitumia, lakini ikitolewa bila uchunguzi hufunika dalili tu. Kilichobaki sasa kilikuwa mzio, na mzio una njia kuu mbili: wa mazingira, yaani chavua, vumbi na utitiri wa ndani ya nyumba, au wa chakula. Muwasho usiojali msimu, ulioanza utotoni, wenye masikio na tumbo ndani yake, ulimfanya aanze na chakula. Nilimuuliza kama damu inaweza kupimwa, hata kama ni kuipeleka Dar es Salaam au nje ya nchi. Akasema vipimo vya damu kwa mzio wa chakula cha mbwa haviaminiki. Vinaweza kumtia hatiani asiyehusika. Kipimo cha kuaminika ni sufuria. Wiki 8 za aina moja ya nyama ambayo mbwa hajawahi kuila na aina moja ya wanga, bila kingine chochote, kwa sababu zaidi ya asilimia 90 ya mbwa wenye mzio wa chakula huonyesha nafuu ndani ya muda huo. Kisha kile chakula cha zamani kinarudishwa, na mwili wenyewe unatoa ushahidi.

Tukapatana sungura na viazi mviringo. Shemeji alifurahi sana viazi vilipotajwa. Tukapewa dawa ya klorheksidini ya kuoshea miguu, ikae dakika 10 kabla ya kusuuzwa, na vidole vikaushwe kimoja kimoja, kwa sababu unyevu ndio shamba la fangasi. Tukapewa kola ya plastiki ya usiku. Tukaonywa hata kuhusu vidonge vya minyoo vyenye ladha ya nyama.

Safari ya kupanda Kitonga ilikuwa nyepesi. Kazi ilitungojea nyumbani. Kumzuia mbwa wa Iringa asile kitu nje ya bakuli lake ni kuzungumza na mtaa mzima. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiwaomba watoto wasimrushie mfupa wala kipande cha chapati. Mzee wa oili chafu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akawa mlinzi mkali kuliko mimi. Nilimsikia akimfokea kijana aliyekuwa akila mishikaki karibu na geti letu. Mtasema alifungwa kamba mchana, jambo ambalo hakulizoea, na binti yangu akachukua jukumu la kumtembeza.

Mtu aliyeumia zaidi alikuwa mume wangu. Amemlea Mtasema kutoka kitoto cha kushikwa kiganjani, na kila jioni alipofunga bucha alimletea furushi lake la vipande, akakaa naye kizingitini wakazungumza. Nilipomweleza kwamba huenda furushi lile ndilo linalomwasha mbwa, alinyamaza muda mrefu. "Nyama yangu ni safi," akasema. Ni safi kweli, inapimwa na kugongwa muhuri. Nilimrudia maneno ya daktari: mzio hauna uhusiano na ubovu wa chakula. Ni mwili wa mbwa huyu mmoja uliokosea, ukaichukulia protini ya nyama hiyo kuwa adui, na mara nyingi hukosea hivyo kwa chakula ambacho mbwa amekila kwa muda mrefu. Katika tafiti zilizochapishwa nyama ya ng'ombe ndiyo inayotajwa zaidi, ikifuatiwa na maziwa, kuku na ngano.

Fangasi waliondoka mapema kwa kuoshwa, na harufu ikaenda nao. Muwasho ulichelewa. Kulikuwa na wiki ambazo sikuona tofauti, na nilimpigia daktari simu nikiwa nimekata tamaa. Akaniambia nisiongeze kitu wala nisipunguze. Kisha choo kikawa kigumu na cha mara chache. Kisha usiku mmoja binti yangu hakuamka. Wekundu ukafifia katikati ya vidole, na manyoya mapya yaliyoota juu ya nyayo yalikuwa meupe.

Wiki 8 zilipotimia ikabidi tufanye jambo ambalo hakuna aliyelitaka. Bila kumrudishia nyama ya ng'ombe tusingeweza kujua kama aliponywa na sungura, au na dawa ya kuosha, au na msimu tu. Mume wangu alisema atampa yeye mwenyewe. Alikata kipande kizuri cha nyama ya paja, akakichemsha bila chumvi. Mtasema alikula kwa shangwe. Siku ya kwanza kimya. Kabla ya juma kwisha ulimi ulisikika tena mlangoni, na masikio yakawa mekundu. Tukaacha nyama siku hiyohiyo, na muwasho ukashuka tena.

Tangu hapo tunampima chakula kimoja kimoja, wiki mbili kwa kila kimoja. Dagaa wamepita. Mayai yamepita. Ugali, ambao majirani waliushuku, hauna kosa lolote. Kuku na maziwa bado. Masika miguu yake bado inahitaji kukaushwa kila anapotoka nje, maana ngozi yake ni nyepesi kuvimba, na daktari hajauondoa kabisa uwezekano kwamba ana mzio mdogo wa mazingira juu ya huu wa nyama. Tutarudi kwake mvua zikianza. Mume wangu sasa akifunga bucha hupitia kwa mfuga sungura, na furushi la jioni limerudi kizingitini.